Ubao wa Bomba la Mikelenge: Kumuaga Baba Bulaimu

Jambo hili, mpaka jana, sikuwa nimemwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Sifuri iliyosomwa kwenye ubao wa bomba la Mikelenge mwezi wa kumi na moja mwaka jana haikuwa ya Baba Bulaimu. Ni yangu. Niliiandika kwa mkono wangu, kwa brashi na rangi nyeusi, na nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikaona imekaa vizuri.

Sasa nianze jinsi wasifu unavyopaswa kuanza.

Sitwayen Bulaimu Kasimu, mpima maji wa kituo chetu, anastaafu siku ya Jumatano, tarehe 31 Machi 1982, baada ya kuutumikia mji wa Kindu miaka ishirini na tisa kamili. Aliandikwa kazini tarehe 1 Aprili 1953, wakati wa Wabelgiji, akiwa na miaka ishirini na minne. Herufi za Kiarabu alifundishwa na babu yake, kama ilivyo desturi katika ukoo wao wa Waungwana wa zamani. Herufi za Kifaransa hakufundishwa na mtu. Alizisoma kwenye vibandiko vya chupa za dawa, na ndiyo maana mpaka leo anaandika majina ya dawa bila kosa hata moja, lakini barua ya kuomba likizo humtoa jasho.

Mimi ninayeandika naitwa Odile. Shuleni jina hilo haliandikwi tena tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa na kila mkubwa akaitwa Sitwayen, yaani raia, lakini nyumbani ndilo ninaloitwa. Nina miaka kumi na saba. Mama yangu, Albertine Onema, ndiye mpiga mashini wa ofisi ya kituo. Wengi wenu mnanijua kwa sura, kwa kuwa sauti yangu hamjaisikia; nikiamkiwa na watu wawili kwa pamoja huwa natazama viatu. Mkurugenzi wetu, Sitwayen Okito, alinipa kazi ya kuandika programu hii ya sherehe kwa lugha mbili, Kifaransa upande wa kushoto kwa ajili ya wageni, Kiswahili upande wa kulia kwa ajili yetu. Alimwambia mama: "Mutoto wako anajua lugha mbili, na hasemi sana." Alinisifu kwa yote mawili.

Upande wa Kifaransa nimeshaumaliza. Ameusoma, ameupitisha. Huu ni upande wa kulia.

Wasioijua kazi ya mpima maji hudhani ni kazi ya kukaa. Baba Bulaimu hakukaa. Kila asubuhi alibeba sanduku la mbao lenye chupa kumi na barafu, akapita kwenye mabomba ya mitaa ya Kasuku na Mikelenge, na mara mbili kwa juma alivuka mto kwenda Alunguli. Kabla ya kujaza chupa alizungushia waya pamba yenye spiriti, akaiwasha, akaunguza mdomo wa bomba mpaka chuma kikalia. Alifanya hivyo ili uchafu wa mdomo wa bomba usiyasingizie maji yaliyomo ndani. Wanawake waliopanga ndoo hawakuacha kumtania.

"Angalieni, Bulaimu iko anapika bomba!"

"Baba, chumvi uliweka?"

"Chumvi mutatia wenyewe," alikuwa akijibu bila kugeuka. "Miye napika sufuria tu."

Ndivyo alivyopata jina la Mpika-Bomba. Watoto wa Mikelenge hawakumjua kwa jina jingine.

Kuna kisa cha mwaka 1974 ambacho wazee wa kituo hukisimulia kila mwaka mpya, na naomba nikiweke hapa kwa sababu kinamweleza kuliko cheti chochote. Kivukoni, askari walimfungulia sanduku wakitafuta pombe.

"Hii ni nini mu barafu?"

"Maji, chefu."

"Maji ya nini?"

"Ya kupima."

"Basi nitapima miye," askari akasema, akaipindua chupa nzima kooni.

Baba Bulaimu hakubishana na bunduki. Alirudi kituoni, akafungua daftari, akaandika: "Chupa ya sita, imenywewa na askari kivukoni. Haikupimwa. Saa kumi jioni askari alikuwa bado muzima." Karatasi ikaenda hivyo hivyo Kinshasa. Ikarudi barua ndefu ikiuliza kwa nini asingeandika tu kwamba maji yalikuwa mazuri, ikiwa chupa tisa nyingine zilikuwa nzuri. Alijibu kwa mstari mmoja: chupa ya sita hakuiona.

Mimi nilicheka nilipohadithiwa. Yeye hakucheka. Aliniambia: "Sifuri haiko kimya, mutoto. Sifuri njo kipimo. Kama hukupima, andika hukupima."

Lakini kazi itakayokumbukwa zaidi ni zile mbao. Kila mwezi kituo kilikuwa kikituma Kinshasa ripoti ya Kifaransa: vitu vilivyotafutwa ndani ya maji, kiasi ambacho afya inataka, na kiasi kilichopatikana. Baba Bulaimu aliona ajabu kwamba wanaosoma ni watu wa Kinshasa, na wanaokunywa wako hapa. Kwa hiyo mwaka 1973 akachonga mbao tatu, akazipaka chokaa, akazipigilia ukutani, moja Kasuku, moja Mikelenge, moja Alunguli. Kwenye kila ubao aligawa nafasi tatu. Ya kwanza: Tunachotafuta. Ya pili: Lengo. Ya tatu: Tulichopata. Mistari nayo ilikuwa mitatu. Tope, alilolipima kwa kutazama msalaba uliochorwa chini ya chombo cha kioo. Rangi ya dawa, kwa maana maji yenye dawa ya kutosha yakitiwa matone yake hugeuka manjano. Na vijidudu vya choo, ambavyo alivisubiri siku mbili ndani ya kabati la joto mpaka vijionyeshe kwa mapovu. Chini kabisa aliweka sinyature, yaani sahihi yake.

Niliwahi kumuuliza kwa nini kuandika lengo, wakati miezi mingine halifikiwi na watu wanaona aibu ya kituo mchana kweupe.  Akasema: "Lengo njo maji ambayo mutoto wa mwezi mumoja anakunywa na mama yake analala usingizi. Hatufikake kila mwezi. Lakini tukificha lengo, watu watajua namna gani njia tuliyobakiza?"

Na watu walijua. Nafasi ya tatu ikilingana na ya pili, waliteka na kunywa. Ikipishana nayo, walichemsha, wakanung'unika juu ya bei ya makala, yaani makaa, wakaendelea kuchemsha mpaka mwezi uliofuata. Hakuna aliyemchukia kwa kuandika namba mbaya. Walimsalimia hata zaidi.

Mwaka 1979 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Brashi ikawa haimtii. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiwa kila siku nakaa ofisini kumngoja mama, nikinakili mashairi ya shuleni kwa herufi za kupendeza. Akaona daftari langu, akaomba ruhusa kwa mama, na kuanzia mwezi ule nikawa naandika mbao yeye akinisomea kutoka kwenye kikaratasi cha penseli. Sinyature tu ndiyo aliyoiweka mwenyewe. Mkono wake ulitulia kidogo baada ya sala ya alfajiri, kwa hiyo asubuhi ya tarehe mosi alisaini mbao zote tatu, zimeng'olewa ukutani na kupakwa chokaa upya, zikiwa bado tupu, akaniachia kikaratasi, nami nikajaza mchana. Mtu mwingine yeyote wa ofisi angejua kwamba huweki jina chini ya ubao mtupu. Yeye alijua pia. Ila aliuamini mkono wangu kuliko wake.

Mwezi wa kumi mwaka jana mvua zilikuja na mto ukawa kama chai ya maziwa. Shabu ya kutulizia tope ikaisha. Unga wa klori ukaisha. Behewa lililotakiwa kuleta dawa kutoka kusini lilikuwa limekwama mahali fulani kwenye reli, na kila aliyeulizwa alitaja kituo tofauti. Baba Bulaimu aliendelea kupima kila asubuhi, akirudi na uso uliokunjamana. Kikaratasi alichoniachia asubuhi ya tarehe mosi Novemba ninacho bado. Nakinakili hapa, Mikelenge peke yake:

Tope: lengo, kuona msalaba chini ya kioo. Tulichopata, msalaba hauonekani.

Rangi ya dawa: lengo, manjano. Tulichopata, hakuna rangi.

Vijidudu vya choo: lengo, sifuri. Tulichopata, chupa saba kati ya kumi.

Chini alikuwa ameongeza kwa penseli, kwa mkono unaotetemeka: "Odile, andika kubwa: CHEMSHENI."

Ilikuwa siku ya Watakatifu Wote. Tulikuwa tumerudi kutoka misani, mama anamenya muhogo, mimi nimelaza mbao tatu sakafuni ndipo Sitwayen Okito akabisha hodi. Alivaa suti yake ya abakosti, ya kijivu. Hakupaza sauti. Ningependa kuandika kwamba alipiga kelele, ingenisaidia, lakini alikaa kwenye kiti cha wageni, akaomba maji, mama akampa ya kuchemshwa.

"Wageni wa chama watafika kwa sherehe ya tarehe ishirini na nne," akaniambia. "Watapita mu mitaa. Watasoma."

Nikatazama viatu vyake.

"Bulaimu ni muzee wetu, namuheshimu. Lakini anapenda kuvua kituo nguo mbele ya watu. Dawa iko njiani. Ikifika, maji yatakuwa sawa na lengo, si ndiyo? Basi weye andika lengo mara mbili. Huku na huku. Hakuna uongo, ni kuandika mapema."

Mama alisimama na kisu mkononi. "Sitwayen, mutoto anaandika tu yale anapewa na Baba Bulaimu."

"Njo miye ninampa sasa," akasema, kwa upole ule ule. "Mama Albertine, weye ni mufanyakazi muzuri. Kule mbali, Punia, wanatafuta mupiga mashini. Sikutaja jina lako. Mpaka leo sijalitaja."

Mama akarudi kukaa, akaendelea kumenya. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyesema. Mlioniona mkadhani sina sauti, siku hiyo nilikuwa nayo. Nilisema: "Ndiyo, Sitwayen."

Nikaandika: msalaba unaonekana, manjano, sifuri. Mbao tatu. Neno CHEMSHENI sikuliandika. Sifuri ya mwisho, ile ya Mikelenge, niliizungusha kwa mkono mmoja bila kuinua brashi, na ile raha ndogo ya mkono kufanya kitu vizuri niliipata, kama kawaida. Siwezi kusema nililia. Nililia baadaye, na kilio cha baadaye hakifuti rangi.

Baba Bulaimu hakuwepo mjini kuziona. Asubuhi ile, baada ya kusaini, alikuwa ametumwa Lokandu kukagua visima kwa juma nne, kwa gari lililopatikana ghafla wakati kwa miezi sita halikupatikana gari hata la kubebea bomba.

Jumatatu asubuhi, nikielekea shule, nilipita Mikelenge. Ubao ulikuwa umeshapigiliwa. Mama Sharifa, anayeuza mikate ya mihogo pale kona, alikuwa na ndoo yake mbele na mwanawe Abedi amemshika kitambaa. Mama Sharifa hasomi. Kila mwezi alikuwa akiningoja nimsomee.

"Mwalimu mudogo! Leo wameandika nini?"

Ningeweza kukimbia. Ningeweza kusema sijui.

"Sifuri, mama," nikasema.

"Zote?"

"Zote sawa na lengo."

"Aksanti kwa Mungu! Basi leo makala yapumuzike," akacheka, akamjazia Abedi kikombe hapo hapo bombani. Abedi alikunywa akinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Alikuwa na miaka minne. Nilikwenda shule. Tulikuwa na mtihani wa Kifaransa, nikapata alama nyingi.

Kufikia katikati ya mwezi, hospitali ilikuwa inalaza watoto wawili wawili kitandani. Kuhara, kisha homa ya matumbo. Wageni wa chama walikuja, wakachezewa ngoma, wakapita Mikelenge, mmoja wao akasoma ubao kwa sauti na kupiga makofi. Siku hiyo hiyo walimzika Abedi. Kabla ya mwezi kwisha walizikwa wengine wanne, wote wa bomba lile. Siwataji majina kwa sababu sikuomba ruhusa kwa mama zao. La Abedi nimeomba, jana.

Baba Bulaimu aliporudi kutoka Lokandu alikwenda moja kwa moja Mikelenge, sanduku bado begani. Watu wanasema alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wachemshe, na hapo ndipo walipouliza: unatuambia leo? Si weye uliandika? Mama Sharifa alitoka mlangoni akiwa bado na nguo ya msiba.

"Mupika-Bomba," akamwambia, watu wote wakisikia, "ulipika mutoto wangu."

Alivua kofia. 

Ikaundwa kamati. Ilikaa kwenye ukumbi wetu wa mikutano, huku daktari kutoka mkoani akiwa upande mmoja na wakubwa wa kituo upande wa pili. Ubao uliwekwa juu ya meza kama maiti. Mama alikuwa anaandika yanayosemwa, mimi nimepewa kazi ya kumpa karatasi za kaboni. Daktari akauliza:

"Hii sinyature ni yako?"

"Njo yangu."

"Na maandishi?"

Baba Bulaimu aliinua macho. Anayajua maandishi yangu kama anavyojua rangi ya maji. Alinitazama mara moja, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama chupa anaposubiri ijionyeshe.  Mama aliacha kupiga mashini. Kwa muda wa pumzi tatu au nne chumba kizima kilikuwa changu, nami nikampa mama karatasi ya kaboni ambayo hakuiomba.

"Maandishi yanafuata sinyature," akasema Baba Bulaimu. "Sinyature njo yenye kujibu."

Daktari akafunga kalamu yake. Sitwayen Okito akatikisa kichwa kwa huzuni. Hakuna aliyeuliza dawa ilikuwa wapi mwezi wa kumi. Hakuna aliyeuliza gari la Lokandu lilitoka wapi. Iliandikwa: kosa la mtumishi mzee, aliyechoka macho. Astaafishwe kwa heshima, miaka miwili kabla ya wakati wake.

Tangu siku hiyo ameishi hivi. Msikitini anatawadhia kwa maji anayobeba mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu akikaribia birika wengine huondoka. Mkewe, Mama Halima, aliacha kuuza maandazi; hayanunuliwi. Watoto hawamwiti tena Mpika-Bomba. Hawamwiti. Na bado kila asubuhi mpaka juzi alichukua sanduku, akaunguza midomo ya mabomba, akaandika alichokiona. Mbao zimeondolewa kwa amri. Anaandika kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma.

Mwezi uliopita nilijikaza, nikaenda nyumbani kwake. Mama Halima alinipa kikombe cha maji, akasema, "Yamechemka, usiogope," na sijui kama ilikuwa ukarimu au kisu. Baba Bulaimu alikuwa anasugua chupa zake ili azirudishe kituoni zikiwa safi. Nilipiga magoti. Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Hapana, mutoto. Usiniombe musamaha humu."

"Baba, miye nataka..."

"Najua unataka. Humu mu nyumba tuko watatu, na wote tunajua. Watu wa Mikelenge hawamo humu." Akaiinua chupa moja kwenye mwanga, akairudisha majini. "Kunywa maji, uende. Mama yako atakutafuta."

Sikuweza kulala na maneno hayo wala kuamka nayo.

Kisha Sitwayen Okito akanipa orodha ya mambo ya kuweka katika wasifu huu. Uaminifu kwa kituo. Miaka ishirini na tisa. Kisa cha askari, "juu ya watu wacheke." Na mwisho, kwa maneno yake mwenyewe: "Licha ya kosa la mwisho, kituo kinamsamehe." Kwenye Kifaransa neno hilo nimeliandika, na yeye atalisoma kwa sauti Jumatano, na wageni watapiga makofi, na Baba Bulaimu atakaa pale mbele, kofia magotini, akisamehewa.

Kwa Kiswahili siliandiki. Kituo hakina cha kumsamehe. Mimi niliandika sifuri ambayo hakuna aliyeipima, mkurugenzi aliitaka, na mpima maji alikuwa amepata chupa saba mbaya kati ya kumi na kutaka tuambiwe tuchemshe. Wanaotaka kuona kikaratasi waje kwetu, nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mabomba. Mkono wake unatetemeka kwenye kikaratasi hicho. Hakuna mwingine hapa Kindu anayeandika hivyo.

Baba Bulaimu, sisi uliotupimia maji tangu kabla hatujazaliwa tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila neno "haikupimwa". Wengi hawakujua walichokuwa wakishukuru, na sasa wanajua. Ukiingia msikitini Ijumaa ijayo, naomba usibebe maji. Tunakutakia nyumba yenye wageni, wewe na Mama Halima, na maandazi yaishe asubuhi. Mama Sharifa hakuahidi kuja Jumatano. Nilipomwambia jana, aliuacha moto ukazima, akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa unajua, ukiwa unanisomea?" Nikasema ndiyo. Akaniambia niondoke. Hilo nalo liandikwe.

Ukurasa huu naupiga moja kwa moja kwenye stensili, ofisini, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, wengine wakiwa wameenda kunawa matope. Nilikuwa nimepanga kuuweka chini ya ule wa Kifaransa. Sitwayen Okito hazisomi kurasa za Kiswahili; anasema ni tafsiri tu. Mama angeupitisha kwenye mashini ya kurudufu bila kuusoma, nakala mia mbili, na Jumatano ungekuwa mikononi mwenu.

Lakini nimefikiri hapa nilipofika. Mama ndiye anayesaini chini ya kila stensili inayotoka ofisini. Wakimuuliza, atajibu yeye kwa nilichoandika mimi, na hatakuwa amekisoma.

Kuna hatua kwenye varanda. Ndara za mama, anaburuta ile ya kushoto. Nyuma yake viatu vya ngozi vya Sitwayen Okito, taratibu. Mama anacheka kitu alichoambiwa, kicheko chake cha ofisini.

Kifuniko cha mashini kiko mapajani mwangu. Nakiweka chini; ukurasa sitaufunika. Mama ataingia wa kwanza, na kutoka mlangoni macho yake yataangukia hapa, kwenye stensili. Asome kwanza. Kama atasema nichane, itabidi anieleze kwa nini, kwa sauti, mbele yake huyo.